Kabla Hujatia Kiinua Mgongo Katika Nyumba ya Pwani

Ukitaka kununua nyumba ya kustaafia Malindi, Watamu au Kilifi, usije kuitazama Disemba. Disemba kila kitu kimepambwa: kaskazi imeanza kuvuma, mageti yamepakwa rangi, majirani wamejaa, na dalali anatembea na shada la funguo. Njoo Mei. Masika yamekolea, barabara za ndani zina madimbwi, bahari ya Malindi imechafuka, na baadhi ya hoteli zimefungwa mpaka msimu urudi. Nyumba nyingi za mtaa uliokuvutia zitakuwa giza, kwa sababu wenyewe wako Nairobi au Milano. Wewe utakaa humo mwaka mzima, basi itazame katika mwezi wake mbaya.

Wazee kuja kupumzika pwani hii si jambo la jana. Waitaliano walijenga kituo cha anga cha San Marco huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na mwaka 1967 wakarusha setilaiti yao ya kwanza kutoka hapo. Baadaye wenzao wengi walikuja, wakajenga, na wengine wakazeekea hapa hapa. Siku hizi wanunuzi ni pamoja na walimu, manesi na maafisa wa serikali kutoka bara waliofikisha miaka 60. Nao wauzaji wamejifunza kulitumia neno kustaafu. Kuna mitaa ya geti moja kuanzia Vipingo, penye uwanja mkubwa wa gofu, hadi Watamu na Malindi. Lakini jua hili mapema: mingi ya mitaa hiyo ilijengwa kwa ajili ya watu wa likizo. Ina bwawa la kuogelea, haina muuguzi. Ina ngazi za kupandia paani kutazama machweo, haina mahali pa kushika bafuni. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: nikianguka chooni usiku wa manane, nani atakuja, na atanipeleka wapi?

Hilo la wapi lina jibu tofauti kwa kila mji. Malindi kuna hospitali ya serikali na kadhaa za binafsi, Tawfiq ikiwa mojawapo. Kilifi kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo ina ujirani wa karibu na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kilichoanza kazi huko mwaka 1989. Presha na sukari zinaweza kufuatiliwa katika miji hiyo. Moyo, ubongo na saratani, mara nyingi utaelekezwa Mombasa, yaani kilomita 60 hivi kutoka Kilifi na karibu 120 kutoka Malindi. Daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991 watu waliachana na kungojea feri, ila foleni ya Mtwapa bado inaweza kula saa nzima. Usikubali maneno ya dalali kwamba Mombasa ni hapo tu. Toka kwenye nyumba hiyo Ijumaa jioni, endesha au panda matatu mpaka lango la hospitali ya Coast General, na uangalie saa. Ukifika, uliza pia kama kliniki unayoihitaji iko kila siku au mara moja kwa wiki. Uliza hospitali iliyo karibu nawe kama inapokea bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na kwa huduma zipi. Kadi iliyolipiwa haina faida mahali ambapo haipokewi.

Baada ya hospitali, maji. Maji ya bomba ya Malindi na Kilifi hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, ambako husukumwa kwa umeme. Umeme ukikatwa Baricho, mabomba hukauka, na habari hiyo si ngeni kwa mwenyeji yeyote. Hapo ndipo mtaa hutegemea kisima, na kisima kilicho karibu na ufuo mara nyingi kina chumvi. Usiulize kama maji ni matamu, maana kila muuzaji atasema ni matamu. Jaza chupa kutoka kwenye mfereji wa jikoni, nenda nayo ulikofikia, upike chai. Nawa kwa maji hayo uone kama sabuni inatoa povu. Ukikaribishwa kwa jirani, tupa jicho ndani ya birika lake: ukoko mweupe uliogandamana chini utakueleza yaliyomo kisimani. Mtu aliyekatazwa chumvi na daktari hapaswi kuinywa katika kila kikombe. Kisha uliza tangi linachukua lita ngapi, nani anajaza, na lori la maji ni shilingi ngapi wakati wa ukame.

Nyumba yenyewe ikague kwa mguu wa mtu wa miaka 80. Ghorofa ya pili bila lifti ni kifungo siku goti litakapokataa. Kizingiti kirefu cha mlango, kile kizuri cha kizamani chenye nakshi, kinamkwaza mzee gizani. Pima milango kwa futi kamba, ya chumba cha kulala na ya bafu hasa. Kiti cha magurudumu kinataka nafasi ya sentimita 80 hivi au zaidi. Vigae vinavyong'aa huteleza kwa tone moja la maji. Mawe ya Galana yasiyong'arishwa yanashika mguu, ilimradi mapengo kati yao yamezibwa vizuri. Kuna baadhi ya mambo fundi atakurekebishia kwa wiki moja, kama vyuma vya kushika na taa ya korido. Ngazi na upana wa kuta ni shida kubwa zaidi.

Halafu simama chini ya baraza, uinue macho. Ukiona michirizi ya kutu, au plasta imebanduka na nondo zinachungulia, saruji hiyo huenda ilichanganywa na mchanga au maji ya chumvi, na kuipaka rangi ni kufunika kidonda. Makuti yanapoza nyumba kuliko bati, nami nayapenda, lakini yanaoza, yanahitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na cheche moja siku ya upepo inatosha kuteketeza nyumba kadhaa. Piga hesabu ya fundi wa makuti katika pensheni yako kabla hujayapenda. Angalia pia madirisha ya chumba cha kulala yanakabili wapi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Chumba kinachopata pepo zote mbili kinakuokolea pesa za tokeni za umeme, kwa kuwa hutahitaji kiyoyozi kila usiku.

Sasa makaratasi, na hapa usiharakishwe na mtu. Ardhi ya pwani ina historia nzito. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwapa hati wachache waliojua kudai, na Wamijikenda wengi wakabaki wanalima ardhi ambayo kwenye karatasi ni ya mwingine. Matokeo yake tunaishi nayo hadi leo. Unaweza kuuziwa kiwanja chenye hati safi, kumbe ndani mna familia iliyopanda miembe na kuzika babu zake hapo. Chini ya sheria ya Kenya, mtu aliyekalia ardhi waziwazi miaka 12 bila idhini ya mwenye hati anaweza kuidai mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyotoka Malindi, ilisema sheria hiyo haipingani na Katiba. Kwa hiyo tembea mpaka wote kwa miguu pamoja na mpimaji. Ukiona makaburi, uliza ni ya nani. Ukiona minazi, uliza mwenyewe ni nani, kwa maana huku mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine.

Malindi utakutana pia na kitu kinachoitwa nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, uwanja ni wa mtu, nawe unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Bei yake inavutia. Familia nyingi za hapa zimeishi hivyo miaka na miaka, na wao wanajuana na mwenye uwanja tangu enzi za wazazi. Mgeni aliyestaafu hana ukoo wa kumtetea siku mwenye ardhi akiuza au warithi wake wakibadilisha nia. Mimi simshauri mstaafu kutia akiba yake humo.

Kwa nyumba za ufukweni kuna somo la kesi ya Dina Management, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwezi Aprili 2023, kuhusu kiwanja cha Nyali. Mnunuzi alikuwa na hati mkononi, lakini mahakama ikasema kwamba kiwanja hicho tangu mwanzo hakikugawiwa kihalali, na hati iliyozaliwa na ugawaji mbovu haimlindi hata mnunuzi wa baadaye. Sachi ya siku moja katika ofisi ya ardhi haitoshi tena. Mwambie wakili wako, si wa muuzaji, afuatilie kiwanja mpaka mtu wa kwanza aliyegawiwa, na ahakikishe njia ya umma ya kwenda pwani haikumezwa na ukuta wa mtaa. Kama ni shamba, ridhaa ya bodi ya ardhi inahitajika. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Uweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Ukinunua fleti, dai hati ya fleti yako mwenyewe chini ya sheria ya mwaka 2020, na uombe kumbukumbu za mikutano ya wamiliki pamoja na hesabu za miaka mitatu iliyopita. Humo utaona nani halipi ada ya huduma. Wamiliki wa likizo wakiacha kulipa, ni wewe unayeishi hapo utakayekosa askari wa geti na dizeli ya jenereta. Uliza kama fleti za jirani zinakodishwa kwa wageni wa siku mbili tatu. Muziki wa Pasaka na Krismasi utaupata bila mwaliko. Kuhusu uraia, wazaliwa wa Kenya waliochukua uraia wa Uingereza au Marekani wakapoteza wa hapa, waurudishe kwanza, Katiba inawaruhusu. Asiye raia hapati zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Wanandoa waandike majina yote mawili kwenye hati, na Waislamu wamuulize kadhi, kwani Malindi kuna mahakama yake, jinsi ya kupanga mambo ili mjane asihamishwe na warithi.

Hayo yote yakikamilika bado hujachagua nyumba, kwa sababu hujachagua watu. Kaa mtaani wiki mbili tatu kwa kupanga. Asubuhi toka, uone kama kuna mtu atakayekusalimu kwa jina. Je, unaweza kwenda kwa miguu msikitini au kanisani, kwa muuza samaki, kwenye duka la dawa? Katika Shela au Barani ya Malindi, mzee asipoonekana barazani mpaka saa nne, mtoto atatumwa: nenda kamwangalie babu. Hicho ni kitu ambacho kamera za getini hazikifanyi. Kilifi mjini, upande wa Mnarani na Bofa, nako kuna watu wa kutosha mwaka mzima.

Na kwa wenzangu wanaorudi nyumbani kwao Ganze, Magarini au Kaloleni, hili nalisema kwa uchungu. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, mvi zao zikiwa ndio ushahidi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma pana kijana anayetaka ardhi. Kaya Godoma kule Ganze imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa makwao, watu waliostahili kusikilizwa na wajukuu. Ukirudi, usijenge peke yako mwisho wa shamba. Gawa ardhi ungali hai na una nguvu, mbele ya chifu na wazee wa mji, kila mtoto na fungu lake na karatasi yake. Ukisikia minong'ono, toa habari mapema, nawe ondoka. Kupanga chumba mjini karibu na binti yako si aibu.

Pesa nitazisema kwa ufupi. Panga nyumba mwaka mmoja kabla ya kununua, masika hadi masika. Usitie kiinua mgongo chote kwenye kuta. Bakisha cha kumlipa msaidizi wa nyumbani wa kudumu, kwani siku itafika utamhitaji kuliko chumba cha tatu. Ruzuku ya serikali kwa wazee, Inua Jamii, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, nayo husubiri utimize miaka 70.

Mimi nikiulizwa nichague leo, nitachukua nyumba ya chini ya vyumba viwili ndani ya mji wa Malindi au Kilifi, yenye hati yake, tangi kubwa na jirani anayeishi humo Mei, na ufuo nitaufuata kwa tuktuk. Wewe mwenye ndoto ya nyumba inayotazama maji, ichunguze kwa vipimo hivi kwanza, na wanao waambie wazi kabla hujaweka sahihi, kwa sababu wao ndio watakaopigiwa simu.