Kelele Inayotunza Siri: Jinsi Simu Zinavyonong'onezana

Katika Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, kama ilivyo katika Soko Kuu la Iringa, mteja wa wakala wa fedha hutaja namba yake ya simu kwa sauti, na waliopanga foleni husikia. Hilo halina madhara makubwa. Wapo hata hivyo wanaomtajia wakala namba ya siri, ambayo haihitaji kamwe.

Simu nazo zinaweza kupashana habari kwa sauti. Spika ya simu moja hutoa mlio uliobeba tarakimu, na kipaza sauti cha nyingine huupokea na kuufasiri, bila bando wala kifaa cha ziada. Tatizo ni lile lile la foleni: simu ya tatu iliyo jirani yaweza kuurekodi mlio huo.

Mwaka 2013 watafiti wa Microsoft nchini India walieleza mfumo walioupa jina Dhwani, ambamo simu inayopokea ndiyo inayopiga kelele. Ujumbe unapotumwa, simu hiyo hutoa kelele zisizo na mpangilio zinazoufunika, na anayedukua hupata mchanganyiko asioweza kuuchambua. Mpokeaji anazijua kelele hizo kwa kuwa ni zake. Huziondoa kwa hesabu, ujumbe ukabaki. Binadamu hawezi jambo hilo: apigaye ngoma huku akinong'onezwa haambulii neno. Simu zenyewe sharti zikaribiane sana, takriban sentimita 10.

Njia hiyo hiyo ya sauti imewahi kutumika bila mwenye simu kujua. Sikio la binadamu hukoma kwenye takriban hezi 20,000, na la mtu mzima hukoma chini zaidi, ilhali simu hunasa milio iliyo karibu na mpaka huo. Machi 2016 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwaonya watengenezaji 12 ambao programu zao zilionekana kuwa na uwezo wa kunasa milio isiyosikika iliyofichwa katika vipindi na matangazo ya televisheni.

Hapa nchini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze madhumuni yake, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kabla ya kufika huko, mkazi anashauriwa kufungua mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa, na kuzinyima kipaza sauti programu zisizokihitaji. Tochi haina haja ya kusikia.