Kufundisha Utungaji wa Usemi Unaoenea

Utangulizi

Ziko semi ambazo watu huzipokea, wakazirudia na kuzigeuza kidogo, wala hakuna aliyewaamrisha. Mwaka 1976 Richard Dawkins, mtaalamu wa elimu ya viumbe wa Uingereza, aliliita wazo lienealo hivyo mimu. Leo jina hilo hutumika zaidi kwa picha na maneno ya mzaha yapitayo katika simu. Kutunga usemi wa aina hii kwa makusudi ni kazi ngumu. Lakini jaribio lenyewe humfundisha mtoto kuchagua maneno.

Mfano wa Mtu ni Afya

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilishiriki kuiandaa. Watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakapatana kazi ya kufanya, kama vile kuchimba choo au kufyeka majani karibu na nyumba. Maneno yalikuwa matatu tu, nayo yalishikika upesi. Hata hivyo hayakuachwa yajiendee yenyewe: kila kikundi kiliyajadili na kuyatia katika matendo. Hilo ndilo fundisho kuu kwa mwalimu.

Hatua za somo

Tuchukue Darasa la V huko Hirbadaw, wilayani Hanang, ambako watoto wengi huzungumza Kidatoga au Kiiraqw nyumbani.

1. Andika ubaoni semi mbili: "Tuzingatie kanuni za usafi kwa ustawi wa jamii" na "Nawa kwanza, kula baadaye". Zifute. Baada ya dakika kumi uliza ni upi unaokumbukwa, na kwa nini.

2. Wagawe wanafunzi katika vikundi. Kila kikundi kichague tatizo moja walijualo, kisha kitunge usemi usiozidi maneno matano, wenye kutaja tendo.

3. Wanafunzi wausema usemi huo nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Usemi usiotafsirika kwa urahisi utaishia mlangoni mwa shule.

4. Baada ya wiki moja, wanafunzi waeleze: nani aliurudia? Aliugeuza vipi? Je, kuna aliyetenda?

Mambo ya kuangalia

Usimkemee mtu aliyeugeuza usemi. Kuugeuza ni dalili kwamba ameufanya wake. Linganisha mageuzi hayo darasani, maana mara nyingine wasikilizaji huwa watungaji bora kuliko sisi.

Pia hakikisha ukweli kabla ya usemi kutoka. Uzushi nao ni mfupi, nao huchekesha na kushikika. Tena maji yakimwagika hayazoleki. Mwanafunzi aulize: ni kweli? Utamdhuru au kumwaibisha nani?

Hitimisho

Usilipime somo hili kwa wingi wa vicheko. Ikiwa usemi umerudiwa kijiji kizima lakini chombo cha kunawia ni kikavu, kazi haijaisha. Ikiwa ni nyumba mbili tu zilizouchukua, nazo zinanawa, basi umefika.