Mashine ya Kusaga Mabaki ya Chakula: Kanuni Yake, Matengenezo na Ufungaji

Katika nyumba nyingi za Marekani, chini ya sinki la jikoni, hufungwa mashine ndogo ya umeme ambayo kazi yake ni kusaga mabaki ya chakula ili yachukuliwe na maji hadi katika bomba la maji machafu. Ndugu zetu waendao huko kwa masomo au kwa kazi huikuta katika nyumba wanazopanga, na wengine hutamani kurudi nayo. Makala hii inakusudia kueleza jinsi mashine hii ifanyavyo kazi, namna ya kuondoa hitilafu zake, na namna ya kuifunga mpya. Anayeifahamu kanuni ya chombo hukitengeneza kwa usalama. Asiyeifahamu huhatarisha vidole vyake, na pengine uhai wake.

Asili yake

Mashine hii ilibuniwa mwaka 1927 na John W. Hammes, mchoraji wa ramani za majengo katika mji wa Racine, jimbo la Wisconsin. Mwaka 1938 aliunda kampuni ya kuzitengeneza na kuziuza. Haikupokewa kila mahali kwa mikono miwili. Jiji la New York liliipiga marufuku katika sehemu zake nyingi, kwa kuhofia mabomba yake yanayochukua maji ya mvua pamoja na maji machafu. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1997, baada ya majaribio.

Kanuni ya kazi

Watu wengi hudhani kwamba ndani ya mashine hii mna visu. Sivyo. Mna sahani ya chuma inayozungushwa na mota, na juu ya sahani hiyo vipo vipande viwili au zaidi vya chuma mfano wa nyundo ndogo. Pembeni, pasipozunguka, ipo pete yenye meno na matundu. Sahani inapozunguka, chakula hutupwa nje na kubanwa kwenye pete. Nyundo hukipigapiga, meno hukikwangua, na chembe zilizo ndogo vya kutosha hupita matunduni pamoja na maji.

Nguvu hiyo ya kutupa nje si haba. Mota ya kawaida ya aina hii, kwa umeme wa Marekani wa mizunguko 60 kwa sekunde, huzunguka mara 1,725 hivi kwa dakika. Tukichukua sahani yenye nusu-kipenyo cha sentimita 6.5, chembe iliyo ukingoni husukumwa kwa nguvu inayozidi mara 200 ya uzito wake. Ndiyo sababu mashine husaga bila ya makali, na ndiyo sababu mkono usiingizwe humo kamwe, hata mashine ikiwa imezimwa.

Hitilafu na tiba zake

Kabla ya kugusa chochote, kata umeme kwenye sanduku la swichi kuu. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi, kwa maana mtu mwingine aweza kuiwasha bila kujua.

1. Mashine inanguruma lakini haizunguki. Kitu kigumu, kama mfupa, kijiko au kokwa, kimekwama kati ya nyundo na pete. Izime mara moja. Mota iliyozuiwa kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kupita kiasi, na joto katika nyaya zake hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukizidi mara 5, joto huzidi mara 25. Baada ya kukata umeme, tazama chini kabisa ya mashine. Nyingi zina tundu la pembe sita katikati. Ingiza humo ufunguo wa pembe sita wenye umbo la herufi L, uzungushe mbele na nyuma hadi sahani ilegee. Kisha mulika kwa tochi na utoe kilichokwama kwa koleo, si kwa vidole.

2. Mashine haitoi sauti yoyote. Huenda kinga yake ya joto imekata umeme. Iache ipoe kwa dakika kadhaa, kisha bonyeza kitufe chekundu kilicho chini yake. Kisipobaki ndani, mota bado ni ya moto au ina hitilafu. Chunguza pia sanduku la swichi.

3. Maji yanavuja. Tafuta kwanza yanakoanzia. Yakivuja juu, penye ukingo wa sinki, puti imekauka au skrubu zimelegea. Yakivuja ubavuni, kaza maungio ya mabomba au badili mpira wake. Yakitoka chini, katika mwili wa mashine, mpira unaoitenga mota na maji umekwisha. Hapo dawa ni kununua mashine nyingine, kwani maji yamekwisha kukaribiana na umeme.

4. Maji hayashuki. Mara nyingi kosa si la mashine, bali ni la bomba lenye umbo la U lililo mbele yake. Weka ndoo chini, lifungue, ulisafishe. Usimimine dawa kali za kuzibua mabomba: huharibu mipira, na hubaki zikimngoja fundi atakayelifungua bomba.

Kuondoa ya zamani na kufunga mpya

Kata umeme, na uhakikishe kwa kipimio kwamba nyaya hazina moto. Fungua bomba la kutolea maji. Mwombe mwenzako aishike mashine kwa chini, kwani ni nzito, kisha zungusha pete inayoishikilia hadi ishuke. Fungua nyaya. Toa ukingo wa zamani katika tundu la sinki, na ukwangue puti yote.

Sokota puti mpya kama kamba, uizungushe chini ya ukingo mpya, ubandike ukingo katika tundu, na chini yake uweke mpira na pete zake. Kaza skrubu tatu kwa zamu, kidogo kidogo, ili ukingo ukae sawasawa. Ikiwa mashine ya kuoshea vyombo itaunganishwa hapo, toboa kwanza kizibo cha tundu lake. Ikiwa sivyo, kiache.

Katika kuunganisha nyaya ndipo penye hatari kubwa. Marekani waya mweusi ndio wenye moto, mweupe ni wa kurudisha, na wa kijani au mtupu ni wa ardhini. Lakini katika nyumba zilizofungwa nyaya kwa utaratibu wa zamani wa Kiingereza, zikiwemo nyingi za Afrika Mashariki, mwekundu ndio wenye moto na mweusi ni wa kurudisha. Fundi aliyejifunza huku akaenda kule akafuata rangi kwa mazoea ataushika moto akidhani ni salama. Basi pima, usikisie. Waya wa ardhini usiachwe kamwe, kwa sababu mashine hii hukaa majini.

Mwisho pandisha mashine, ufunge bomba, ujaze sinki maji na kuyaachia, utazame kila ungio. Likiwa kavu, ndipo urudishe umeme.

Matumizi mema

Fungua maji ya baridi kabla ya kuwasha, na uyaache yatiririke kitambo baada ya kusaga. Maji ya moto huyeyusha mafuta, nayo huganda mbele bombani. Usitie maganda ya ndizi wala ya mahindi, kwa kuwa nyuzi zake hujisokota kwenye nyundo. Wali na ugali visitiwe kwa wingi: huwa uji mzito unaoziba bomba.

Je, tuilete nyumbani?

Mashine ya volti 120 ikiunganishwa na umeme wetu wa volti 230 huungua. Transfoma hupunguza volti tu. Haibadili mizunguko yetu 50 kwa sekunde kuwa 60. Mota itazunguka polepole zaidi, na chuma chake kitazidiwa na usumaku, hivyo itapata joto kuliko ilivyokusudiwa. Tena nyumba zetu nyingi hutumia mashimo ya maji machafu. Chakula kilichosagwa hakipotei. Huongeza tope shimoni, na shimo hujaa upesi. Mwenye bustani au mifugo anayo njia nyepesi zaidi: maganda yakiozeshwa huwa mbolea, bila kutumia maji wala umeme.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mota iliyokwama huungua upesi kuliko inayozunguka?
2. Kwa nini transfoma peke yake haitoshi kuitumia mashine ya Marekani hapa kwetu?
3. Maji yakitoka chini ya mwili wa mashine, kwa nini haifai kuendelea kuitumia?