Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi: Namna ya Kuzifungua Kazi za Flash Baada ya Mwaka wa 2020

1. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii inaafiki hali iliyozuka katika ulimwengu wa tarakilishi tarehe 31 Desemba 2020, siku ambayo kampuni ya Adobe ilikoma kuihudumia programu-jalizi yake ya Flash Player. Kuanzia tarehe 12 Januari 2021, programu hiyo yenyewe ilianza kukataa kufungua kazi zilizoundwa kwa Flash. Michezo, katuni, ramani, masomo na majaribio yaliyokuwa yakifunguka kwa kubofya mara moja yaligeuka kuwa miraba mitupu.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana lipi na mambo ya wahandisi? Jibu ni kwamba katika miaka ya 2000, Flash ilikuwa miongoni mwa nyenzo kuu za kuandalia masomo ya lugha kwenye CD na kwenye tovuti. Iliweza kuunganisha sauti, picha, maandishi na zoezi katika faili moja ndogo. Kwa hivyo, palipo na masomo ya aina hiyo katika rafu za idara, pana pia data ya lugha. Somo laweza kuandikwa upya. Lakini sauti ya msemaji wa lahaja iliyonaswa na kufungiwa ndani ya faili ya Flash haiwezi kurekodiwa tena iwapo msemaji huyo ameshafariki na kanda ya awali imepotea.

Makala haya yanadhamiria kutekeleza mambo matatu. Kwanza, yataeleza kwa muhtasari Flash ilikuwa nini na ni kwa nini iliondolewa. Pili, yataonyesha njia zilizopo za kuzifungua kazi hizo, pamoja na udhaifu wa kila njia. Tatu, yatapendekeza utaratibu ambao mwanafunzi au mhadhiri anaweza kuufuata bila kuihatarisha tarakilishi yake.

2. Flash: Chimbuko na Hatima

Programu-jalizi ni programu ndogo inayochomekwa ndani ya kivinjari ili kukipa uwezo ambao hakikuzaliwa nao. Neno lenyewe linajieleza: ni programu inayojaliza, yaani inayojazia pengo. Katika miaka ya 1990 vivinjari havikuwa na uwezo wa kuaminika wa kuonyesha michoro inayosogea wala kucheza sauti na video. Pengo hilo ndilo lililojazwa na Flash, pamoja na wenzake kama vile Shockwave, Java na, baadaye, Silverlight.

Flash ilianza kwa jina la FutureSplash Animator, ikiwa bidhaa ya kampuni ya FutureWave. Kampuni ya Macromedia iliinunua na kuibatiza jina la Flash. Mwaka wa 2005, Macromedia nayo ilinunuliwa na Adobe. Kazi iliyokamilika ya Flash huhifadhiwa katika faili yenye kitambulisho cha SWF, ilhali faili ya mwandalizi, ambayo ndiyo rasimu inayoweza kuhaririwa, huwa na kitambulisho cha FLA. Tofauti hii ni muhimu, nasi tutairejelea.

Sababu za kuondolewa kwa Flash ni tatu. Ya kwanza ni usalama. Kwa kuwa programu-jalizi hii ilikuwa katika tarakilishi nyingi mno ulimwenguni, wahalifu waliifanya mlango wa kupitishia virusi, nayo Adobe ikawa inatoa viraka mara kwa mara. Sababu ya pili ni rununu. Simu ya iPhone ilipotolewa mwaka wa 2007 haikuikubali Flash, na mnamo Aprili 2010 Steve Jobs alichapisha waraka wa kuueleza na kuutetea msimamo huo. Mwaka uliofuata, Adobe yenyewe ilitangaza kwamba itaacha kuiendeleza Flash kwa vivinjari vya rununu. Sababu ya tatu ni kukua kwa vivinjari vyenyewe. Kiwango cha HTML5, kilichoidhinishwa rasmi Oktoba 2014, kilivipa vivinjari uwezo wa kucheza video, sauti na michoro bila ya kiungo cha kuazima.

Mnamo Julai 2017, Adobe ilitangaza kwamba Flash ingekoma mwishoni mwa mwaka wa 2020. Vivinjari viliiaga kwa zamu: Safari 14 mnamo Septemba 2020, kisha Chrome 88 na Firefox 85 mnamo Januari 2021. Wenzake hawakusalimika. Shockwave ilikoma tarehe 9 Aprili 2019, na Silverlight tarehe 12 Oktoba 2021.

3. Kilichokufa ni Msomaji, si Maandishi

Ipo haja ya kutofautisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Flash Player ilikuwa msomaji. Faili ya SWF ni maandishi. Kuondoka kwa msomaji hakuyafuti maandishi.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hapaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Miswada mingi ya tenzi za kale iliandikwa kwa hati za Kiarabu, na mingine imehifadhiwa hadi leo katika maktaba, kwa mfano ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ile ya SOAS jijini London. Asiyezijua hati hizo akiufungua mswada ataona mikwaruzo tu. Hata hivyo, utenzi umo mle mle, mizani na vina vyake vikiwa vimetimia. Kinachohitajika ni mtu anayeweza kuusoma. Hali kadhalika, faili ya SWF iliyoundwa mwaka wa 2003 ingali na sauti na picha zake zote. Inasubiri msomaji mwingine.

Aidha, faili hiyo hujitambulisha. Mwanzoni mwake pana herufi tatu: FWS ikiwa haijabanwa, CWS au ZWS ikiwa imebanwa ili kupunguza ukubwa. Baiti ya nne hutaja nambari ya toleo. Nambari hii si pambo. Faili ya toleo la 8 au la chini yake haiwezi kuwa na lugha ya ActionScript 3, kwa sababu lugha hiyo iliingia pamoja na toleo la 9 mwaka wa 2006. Kama tutakavyoona, jambo hili hutabiri kwa kiasi kikubwa iwapo faili itafunguka kwa urahisi au la.

4. Njia za Kuzifungua Kazi za Flash

4.1 Kiigaji

Kiigaji, kutokana na kitenzi iga, ni programu inayotenda kama programu nyingine bila ya kuwa programu hiyo. Kiigaji mashuhuri cha Flash ni Ruffle, ambacho ni programu huria. Hakitumii hata sehemu moja ya Flash Player. Kimeandikwa upya kwa lugha ya Rust, na ndani ya kivinjari huendeshwa kwa WebAssembly. Matokeo yake ni kwamba kazi ya zamani hufunguka ndani ya kuta za usalama za kivinjari cha kisasa. Mnamo Novemba 2020, maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive ilianza kukitumia kuonyesha mkusanyiko wake wa katuni na michezo ya Flash.

Ruffle hupatikana kwa sura tatu: programu ya kusimama peke yake, kiendelezi cha kivinjari, na hati ambayo mwenye tovuti huiweka kwenye tovuti yake ili wageni wasihitaji kusakinisha chochote. Udhaifu wake ni kwamba huziigiza kazi za ActionScript 1 na 2 vizuri zaidi kuliko za ActionScript 3. Uwezo wake katika ActionScript 3 umekua sana, ila baadhi ya kazi hizo bado hukwama au huonyeshwa nusunusu.

4.2 Kichezeshi cha kusimama peke yake

Mbali na programu-jalizi ya kivinjari, Adobe iliwahi kutoa kichezeshi kinachofungua faili ya SWF moja kwa moja kwenye tarakilishi. Kwa kuwa ni Flash halisi, hufungua hata kazi zinazokishinda kiigaji. Hata hivyo, kasoro za kiusalama zilizomo hazizibwi tena. Kitumiwe kwa faili ambazo asili yake inajulikana, katika tarakilishi isiyounganishwa na mtandao.

4.3 Hifadhi zilizotayarishwa

Mradi wa Flashpoint umekusanya zaidi ya michezo na katuni 100,000 za mtandaoni, si za Flash pekee bali pia za Shockwave, Java na teknolojia nyinginezo. Upekee wake ni kwamba huiga hata seva. Kazi inapouliza, “Je, nipo katika tovuti yangu?”, Flashpoint huijibu kana kwamba ipo. Hii ni muhimu kwa sababu watunzi wengi walizifunga kazi zao zisifunguke nje ya tovuti walizozikusudia.

4.4 Tarakilishi pepe

Tarakilishi pepe ni tarakilishi iliyoundwa kwa programu ndani ya tarakilishi halisi. Ndani yake mtu anaweza kusakinisha mfumo endeshi wa zamani, kivinjari cha zamani na Flash ya zamani, kisha akaukata uhusiano wake na mtandao. Njia hii huhitaji subira na nafasi ya kutosha, lakini huyarejesha mazingira yote ya awali, wala si faili pekee. Inafaa hasa kwa CD zilizotegemea programu nyingine zaidi ya Flash.

4.5 Kufumua na kushona upya

Wakati mwingine hatuhitaji somo zima; tunahitaji sauti na maandishi yaliyomo. Programu ya JPEXS Free Flash Decompiler huifumua faili ya SWF kama fundi anavyoufumua mshono, ikatoa picha, sauti, matini na hati za amri. Vipande hivyo vyaweza kuhifadhiwa katika miundo ya kawaida na kushonwa upya kwa HTML5. Ikiwa faili ya FLA ingalipo, kazi huwa nyepesi zaidi, ingawa amri za ActionScript bado huhitaji kuandikwa upya kwa JavaScript. Msomaji akumbuke kwamba kufumua kazi ya mwingine kunagusa hakimiliki. Ruhusa itafutwe kwanza.

5. Tahadhari: Mfano wa Afrika Kusini

Ipo njia moja ambayo hatuipendekezi: kukirudisha kivinjari cha zamani na kukitumia kwa shughuli za kila siku. Atendaye hivyo anafungua mlango mzima ili kumpitisha kuku mmoja. Vilevile, ajihadhari na tovuti zinazojidai kutoa “Flash mpya”. Adobe haisambazi tena programu hiyo kwa umma, na jina lake limekuwa chambo cha wahalifu kwa miaka mingi.

Mfano mmoja unabainisha gharama ya kuchelewa. Mnamo Januari 2021, Mamlaka ya Ushuru ya Afrika Kusini ilijikuta ingali na fomu za kielektroniki zilizotegemea Flash. Ililazimika kutoa kivinjari chake maalumu, chenye Flash ndani yake, kilichokusudiwa kufungua huduma zake tu. Twaweza kuutazama uamuzi huo kwa pande mbili. Kwa upande mmoja, ulizingatia kanuni nzuri: programu isiyo salama ilizungushiwa ua. Kwa upande mwingine, tangazo la Adobe lilikuwa limetolewa miaka mitatu na nusu kabla. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

6. Utaratibu Unaopendekezwa

Tuchukulie kwamba idara ina CD yenye masomo ya matamshi iliyoundwa mwaka wa 2004. Hatua zifuatazo zitafaa.

(i) Nakili CD yote kabla ya kujaribu lolote, usinakili faili moja tu. Faili kuu ya SWF mara nyingi huita faili nyingine za sauti, video au matini wakati wa kuendeshwa. Anayenakili faili kuu pekee huhifadhi kibuyu akamwaga maji. Nakala ziwe mbili, katika mahali tofauti.

(ii) Orodhesha faili zote pamoja na matoleo yake, waandalizi na mwaka. Tafuta pia faili za FLA, hata kwa kuwauliza waandalizi waliostaafu.

(iii) Jaribu Ruffle kwanza. Sikiliza kila sauti, bofya kila kitufe, na uandike kinachokwama.

(iv) Zinazokwama zijaribiwe kwa kichezeshi au kwa tarakilishi pepe, mtandao ukiwa umekatwa.

(v) Toa sauti na matini ndani ya faili na uzihifadhi peke yake, hata kama somo linafunguka vyema. Kiigaji nacho ni programu, na hakuna programu iliyoahidiwa umri wa milele.

(vi) Faili ya awali isitupwe hata baada ya somo jipya kukamilika. Nakala iliyonukuliwa haiondoi thamani ya mswada asilia.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba kukoma kwa Flash kulimwondoa msomaji na kuyaacha maandishi. Tumeona pia kwamba wapo wasomaji wapya: kiigaji kwa walio wengi, tarakilishi pepe kwa kazi ngumu, na kufumua kwa anayetaka data. Lililo adui mkubwa zaidi sasa si uamuzi wa Adobe bali ni rafu yenye vumbi. CD huchakaa, na waandalizi husahau nywila na mahali pa rasimu zao.

Fundisho pana ni kwamba anayeandaa nyenzo za Kiswahili leo asiifungie lugha ndani ya chombo kimoja kinachomilikiwa na kampuni moja. Sauti na zihifadhiwe kama sauti, matini kama matini, na umbo la somo lijengwe juu yake. Hapo koleo likivunjika, kama ilivyo ada ya makoleo, mhunzi atakuwa angali na chuma chake mkononi.