Lugha ya Magazeti na Sauti ya Jamii: Mfano wa Isecheno, Kakamega

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya lugha ya magazeti na maisha ya jamii, hasa pale ambapo jamii husika huandikwa zaidi kuliko inavyoandika. Eneo lililoteuliwa ni Isecheno, penye kituo cha misitu upande wa kusini wa Msitu wa Kakamega. Mto Isiukhu hupita kaskazini mwa msitu huo na Mto Yala kusini. Wenyeji wengi ni Waisukha, tawi mojawapo la Waluhya. Gazeti husomwa Isecheno, lakini huchapishwa mbali.

Umbali huo una historia. Sheria ya amana ya ardhi za wenyeji ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ikichukuliwa, wenyeji wangepewa nyingine yenye thamani sawa, na baraza lao lingeshauriwa kwanza. Mwaka 1931 dhahabu ikagunduliwa Kakamega. Kufikia Desemba 1932 sheria ilikwisha kurekebishwa: fidia iliweza kulipwa kwa fedha, na kushauriana na baraza hakukuwa lazima tena. Mwaka 1933 msitu nao ukatangazwa rasmi kuwa hifadhi. Mijadala ya mambo haya ilichapishwa kwa Kiingereza, Nairobi na London, yaani katika lugha ambayo wengi wa waliokuwa wakiguswa nayo hawakuweza kuisoma. Gazeti la Kiswahili la Baraza lilianza mwaka 1939, na Taifa Leo, kama gazeti la kila siku, mwaka 1960.

Hata hivyo, kuwapo kwa gazeti la Kiswahili hakutoshi. Tuchukue vichwa viwili vya habari vilivyotungwa hapa kwa ajili ya mfano tu: "Msitu waharibiwa Kakamega" na "Wakazi waonywa kuhusu msitu". Vyote vina kiambishi cha wakati -a-, ambacho wahariri hukipenda kwa ufupi wake. Vyote pia viko katika kauli ya kutendwa. Katika sentensi ya kawaida ya Kiswahili mtenda huweza kurejeshwa kwa kihusishi "na": msitu umeharibiwa na nani? Kichwa cha habari hukiacha kihusishi hicho, na sababu si uhaba wa nafasi pekee. Mwandishi asiyemjua mhalifu, au anayemjua akamwogopa, hupata maficho katika kiambishi -w-. Vichwa hivi viwili vikiwekwa ukurasa mmoja, msomaji huwaunganisha mwenyewe: msitu umeharibiwa, wakazi wameonywa, basi ni wakazi walioharibu. Hakuna aliyeandika hivyo, na kwa hiyo hakuna anayeweza kudaiwa masahihisho. Mama aliyeingia kuokota kuni na mfanyabiashara mwenye lori la magogo huishia kuwa kundi moja.

Uteuzi wa msamiati nao una uzito. "Mvamizi", "maskwota" na "jamii inayopakana na msitu" huweza kumtaja mtu yuleyule, ila jina la kwanza limekwisha kumhukumu. Ni kinaya kwamba Kiswahili ndicho kilichoipa taaluma ya misitu nchini neno lake mashuhuri: ule utaratibu wa kulima mahindi kati ya miche michanga huitwa "mfumo wa shamba" hata katika Kiingereza.

Sheria ya misitu ya mwaka 2005, na ile ya 2016 iliyoichukua nafasi yake, zilitambua vyama vya jamii vya kushiriki katika usimamizi wa misitu. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, nayo Sheria ya Upataji Habari ya 2016 inataka usambazaji wa habari uzingatie lugha ya mahali. Kwa msingi huo, mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya utafiti angeweza kuanza na tangazo moja tu la mipaka ya msitu. Alitafsiri kwa Kiswahili, kisha alisome mbele ya wazee wanaozungumza Lwisukha, na aandike kila neno ambalo watauliza maana yake. Bila shaka ataulizwa pia swali ambalo kauli ya kutendwa huliacha wazi: nani ameamua?