SHIMESIKIO NA SAUTI KUBWA

Shimesikio ni kifaa kidogo anachovaa sikioni mtu asiyesikia vizuri. Wapo wenzetu waliopata kifaa hiki, wakakivaa siku chache, kisha wakakifungia sandukuni. Ukiwauliza husema, "Kina kelele, kinaniumiza." Leo tujifunze sababu yake.

Masikio mengi yaliyopungua nguvu hayasikii sauti ndogo. Lakini sauti kubwa huyaumiza sawa na masikio mazima. Kwa hiyo kifaa kikikuza sauti zote sawasawa, mnong'ono utasikika, lakini mlio wa radi utakuwa mateso.

Kifaa kizuri hufanya kama dereva wa lori. Akipanda mlima, hukanyaga moto. Akiteremka kutoka Ufipa kwenda Muze, kule bonde la Rukwa, hushika breki mapema. Vivyo hivyo, sauti ndogo ya mjukuu huongezwa sana. Sauti ya ngoma huongezwa kidogo tu. Tena upo mpaka. Hata radi ipige namna gani, kifaa hakitoi sauti kupita mpaka huo.

Vifaa vya zamani vilipofika mpakani vilikata sauti, maneno yakakwaruza. Vingi vya siku hizi huanza kuibana sauti mapema, maneno yakabaki safi zaidi.

Mpaka huo huwekwa na mtaalamu baada ya kupima masikio ya mhusika. Ndiyo maana si vizuri kuazima kifaa cha jirani.

TUFANYE NINI?

1. Sauti zikikuumiza, mrudie mtaalamu aliyekupimia. Mwambie ni sauti zipi: sufuria, honi au vigelegele? Atakirekebisha.

2. Mwanzoni hata sauti za kawaida huonekana kubwa, kwa sababu ulikwisha zisahau. Anza kukivaa nyumbani penye utulivu. Ongeza muda kila siku.

3. Kifaa si kinga. Kelele hupimwa kwa desibeli. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku huweza kuharibu masikio polepole. Ukifanya kazi kwenye mashine ya kusaga, vua kifaa, vaa kinga ya masikio.

MASWALI

1. Kwa nini kifaa hakitakiwi kukuza sauti zote sawasawa?

2. Nani huweka mpaka wa sauti?

3. Je, kijijini kwenu yuko mtu ambaye kifaa chake kimelala sandukuni? Utamshauri nini?