Shimo Lisiloonekana Chini ya Nguzo za Daraja

Madaraja mengi yanayobomoka wakati wa mafuriko huharibika kuanzia chini, mahali pasipoonekana. Mkondo unapogonga nguzo, sehemu ya maji hushuka hadi kwenye kitako chake, huzunguka kwa nguvu na kuondoa mchanga na kokoto zinazoushikilia msingi. Shimo hilo huwa na kina kirefu zaidi mafuriko yanapofikia kilele. Maji yakipungua, mto hulifukia tena kwa mchanga laini, na mpita njia hudhani kuwa daraja li salama.

Hatari hiyo ilidhihirika katika mto Schoharie, jimbo la New York, Marekani. Tarehe 5 Aprili 1987, daraja la barabara kuu lililofunguliwa mwaka 1954 liliporomoka wakati wa mafuriko na watu 10 wakapoteza maisha. Uchunguzi ulibaini kuwa maji yalichimba chini ya nguzo, kwa kuwa mawe ya kuikinga yalikuwa yamesombwa na hayakurejeshwa ipasavyo.

Kinga ya kwanza ni msingi uliozama chini ya kina kinachoweza kuchimbwa na mto. Kinga ya pili ni mawe makubwa, au gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Ukubwa wa mawe hayo una sababu: kasi ya maji ikiongezeka mara 2, uzito wa jiwe linaloweza kusukumwa huongezeka takribani mara 64.

Kwa hiyo, mawe na nyaya zilizo kandokando ya nguzo si mali ya kujengea nyumba. Vilevile, mchanga usichimbwe karibu na daraja, kwani shimo linaloachwa mtoni hupanuka kufuata mkondo unakotoka hadi kuifikia nguzo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoathiri hifadhi ya mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Mkazi akiona msingi uliokuwa umefukiwa umeanza kujitokeza, nguzo imeinama, tuta la maingilio limelika au magogo yamekwama kwenye nguzo, atoe taarifa mapema kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, ili TARURA ijulishwe kuhusu barabara za wilaya, na TANROADS kuhusu barabara kuu na za mikoa. Daraja lenye dalili hizo lisivukwe wakati wa mafuriko.